Msingi Mrefu Kuliko Ruhusa

Watu wasiomjua walimfikiria vibaya, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutazama migongo ya wanawake. Siku ya kliniki, akina mama waliposhuka kutoka vilimani kuja kupima watoto wao uzito, Mwalimu Mkuu aliacha kila alichokuwa akifanya, akavuka barabara, akasimama kando ya foleni, mikono nyuma, akitazama. Karani mmoja wa ushirika, mgeni kutoka Kigoma mjini, alimwona akamnong'oneza mwenzake kwamba mzee huyu hana haya. Mwenzake alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hawatazami wao," akamwambia. "Anawatazama waliobebwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alitazama vichwa vidogo vilivyochungulia kwenye kanga. Akimwona aliyechangamka humsogelea mama yake.

"Huyu ameota meno?"

"Mawili, Mwalimu."

"Ana mdogo wake?"

"Mwalimu nawe! Si ndiyo kwanza ameota meno?"

"Haya. Lakini atakuja."

Akirudi shuleni alikuwa hasemi na mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya madarasa, kwenye uwanja wenye mteremko, akasimama pale akiupima kwa macho. Maofisa walipotaja shule yetu walikuwa na maana ya wanafunzi walioandikishwa. Yeye aliwahesabia humo na wale waliokuwa bado wananyonya, na ugomvi wote wa maisha yake, kwa kadiri nilivyoujua, ulitoka hapo.

Nilipangiwa shule ile mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitoka chuo cha ualimu. Mimi ni mtoto wa dukani, Kasulu mjini. Baba yangu aliuza nguo na chumvi, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili tangu kuamka mpaka kulala. Kijijini kule, kwenye njia ya kwenda Kibondo, watu walisema Kiha. Kiswahili walikitoa kwa ajili ya serikali na wageni. Siku niliyofika Mwalimu Mkuu alinisalimu, "Mwakeye," kisha akangoja nijibu. Nikababaika.

"Utajifunza," akasema. "Watoto wa darasa la kwanza hawajui maneno yako, Bi Mwalimu. Wewe ndiye mtu mzima, basi wewe ndiye wa kuanza kujifunza."

Ukoo wake siufahamu. Wengine walisema ni mtu wa Manyovu, wengine wakasema mama yake alivuka mpaka kutoka Burundi zamani za Wabelgiji. Aliyemuuliza alijibiwa, "Mimi ni wa hapa nilipo," na mazungumzo yakaishia hapo. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imetangulia mbele kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu, hata wakati walimu wengine wote walipokwisha kuhamia suruali. Viatu alivivaa darasani tu. Akitoka nje alivivua akavishika mkononi, akatembea peku kwenye umande wa asubuhi, na baridi ile ya milimani ilivyo, sisi wengine tuliona mwili ukitusisimka kwa niaba yake.

Hakupiga kelele hata siku moja. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na kadiri alivyozidi kukasirika ndivyo ilivyozidi kushuka, mpaka ukalazimika kusogea karibu ili usikie unavyokaripiwa. Wanafunzi waliiogopa sauti ile kuliko fimbo. Mwanafunzi aliyechelewa alifagia uwanja mzima, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kikao cha boma hata kimoja. "Nikiwahi," alisema, "watanipa kazi ya kuwangoja." Hakuogopa ofisa, wala askari, wala radi, na kule kwetu radi huua watu. Aliogopa mbuzi. Mbuzi akisimama njiani, Mwalimu Mkuu alizunguka kwa kupitia shamba la mtu, viatu mkononi, kana kwamba ndiko alikokuwa akienda tangu mwanzo.

Nilipofika, shule ilikuwa na vyumba vichache vya zamani vilivyoezekwa nyasi, na vilitutosha. Watu walikaa mbalimbali, kila ukoo kwenye kilima chake, na watoto waliokubali kutembea mwendo ule hawakuwa wengi. Kisha ikaja Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Malori yaliwashusha watu kando ya barabara na vyungu vyao, kuku wao kwenye matenga, na milango waliyoing'oa kwenye nyumba walizoziacha. Wengi walikuwa na hasira, wengine walilia. Kijiji kikazaliwa pale pale tulipokuwa na shule na mihogo.

Darasa la kwanza likafurika. Watoto waliketi sakafuni wamebanana, waliketi madirishani, na wale waliokosa kabisa walisimama nje wakiitikia herufi kupitia dirishani. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu alipita darasani akiwapanga miguu. "Kunja huu. Wewe, sogeza goti. Haya, mwenzako aingie." Alipomaliza, watu wawili zaidi walikuwa wamepata pa kukaa, na yeye alitoka akiwa na uso wa mtu aliyetukanwa.

Afisa Elimu wa wilaya alikuja na Landrova. Alikuwa kijana bado, nadhifu, na sitaki mtu adhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na maagizo yake. Kijiji kingetoa nguvu zake, na serikali ingetoa mabati na saruji ya vyumba viwili.

"Viwili havitoshi, Ndugu Afisa," Mwalimu Mkuu alisema.

"Kwa wanafunzi ulionao vinatosha. Nimepiga hesabu."

"Kwa nilionao, ndiyo. Lakini abana baraza."

Afisa Elimu akakunja uso. "Baraza? Hakuna fungu la baraza, Mwalimu. Hata ofisi yangu mimi haina baraza."

Sisi walimu tulitazama chini tusicheke.

"Ni Kiha," Mwalimu Mkuu akasema, na sauti ikaanza kushuka. "Maana yake, watoto wanakuja. Wanawake walioshuka kwenye malori wameshuka na mimba. Mimi nimewaona."

"Basi wakija tutapanga."

"Wakija, Ndugu Afisa, watakuwa wamekwisha fika."

Afisa Elimu alifunga mkoba wake. Vyumba viwili, akasema, na Landrova ikaondoka.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alipigilia vigingi na kuvuta kamba. Kamba ile ilianza pale palipokubaliwa vyumba viwili, ikapita, ikaendelea, ikashuka na mteremko mpaka karibu na mihogo ya shule. Wanaume waliokuja na majembe waliifuata kwa macho.

"Mwalimu, mbona ndefu?" Mwenyekiti wa kijiji aliuliza.

"Mabati ni ya kuomba. Saruji ni ya kuomba. Kuchimba na kujaza mawe tutamwomba nani?"

"Lakini ruhusa ni ya vyumba viwili."

"Na viwanja mnagawa lini?"

"Wiki hii tunaanza."

"Ndiyo hivyo. Mahali patakapokosa shimo langu wiki hii, mwakani patakuwa na nyumba ya mtu. Mimi sitamvunjia mtu nyumba yake. Ameshavunjiwa moja."

Wanaume wale walikuwa wametoka kushushwa kwenye malori. Mmoja akatemea mate viganja vyake, akaanza kuchimba.

Sikusema kwamba alikuwa mtu rahisi kumpenda. Akishika jambo alilikamua mpaka tone la mwisho, na aliwakamua watu pamoja nalo. Mawe ya msingi yalitolewa mtoni, matofali yalifyatuliwa bondeni, na wanafunzi walikuwa wakiyabeba. Kila siku jioni, wakubwa kwa wadogo, mstari ulipanda kutoka bondeni, tofali kichwani. Mimi nilinung'unika, walimu wenzangu walinung'unika, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Aliyethubutu alikuwa mama mmoja. Alikuja asubuhi wakati tuko mstarini, akampita kiranja, akawapita walimu, akimkokota binti yake. Akaukunjua mkono wa mtoto mbele ya Mwalimu Mkuu. Ulikuwa na malengelenge yaliyopasuka.

"Nilikuletea mkono wa kushika kalamu," akasema kwa Kiha, shule nzima ikisikia. "Tazama unavyonirudishia."

Mwalimu Mkuu aliutazama mkono ule. Nilimjua kuwa hakosi jibu, nikasubiri jibu.

"Nionyeshe na wa pili," akasema.

Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Akamwachia mtoto akarudi mstarini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana, lakini safari hii haikuwa ya hasira. Alisema kwamba tangu siku ile wadogo hawatabeba tena, na wakubwa watabeba Jumamosi tu.

"Na hayo mengine nani atabeba?" mama akauliza.

"Sijui."

"Hujui! Unachimba shimo refu namna hii halafu hujui?" Akajifunga kanga yake kiunoni. "Tutabeba sisi. Lakini nitakusimamia mimi, maana wewe huna kiasi."

Na akamsimamia kweli. Alikuja na majirani zake, akapanga zamu, akaamua lini tanuri lichomwe na lini watu wapumzike. Tulimwita Mama Matofali, naye akafurahi. Niliwahi kumwona Mwalimu Mkuu amesimama mbele yake kama mwanafunzi, akiambiwa kwamba kuni alizoleta ni mbichi, azirudishe.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mke wake alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye macho yaliyoona kila kitu. Kwa miaka mingi waliuza maharage yao ili wapate mabati ya kuezekea nyumba, na mabati yakapatikana, yakawekwa ukumbini yakingoja kiangazi. Mvua zikawahi. Chumba kimoja kati ya viwili vya ruhusa kilikuwa kimesimama, na mabati ya serikali yalikuwa hayajaja. Siku moja mama alirudi kutoka shambani akakuta ukumbi mtupu.

"Hakuniuliza," aliniambia, tukichambua maharage jikoni kwake, maji yakidondoka kwenye sufuria katikati yetu. "Angeniuliza ningekubali. Ningegomba kwanza, kisha ningekubali. Sasa kwa kuwa hakuniuliza, sikubali."

"Utafanya nini, mama?"

"Utaona."

Alivaa nguo zake za kanisani, akapanda lori la ushirika mpaka Kasulu, akaingia ofisini kwa Afisa Elimu. Alimwambia neno, na baadaye alilirudia kila mahali mpaka watu wakaliimba, "Shule yako inalala chini ya bati langu." Afisa Elimu alimpa kiti, akampa chai, akaona aibu. Haikupita wiki mbili, mabati ya serikali yakaja, na mengine ya kumlipa mama. Lakini Afisa Elimu alikuja nayo mwenyewe. Ndipo alipouona msingi.

Alisimama kwenye ncha moja akatazama mpaka ncha ya pili. Mawe yalikuwa yamekwisha kujazwa na kupangwa vizuri, yakishuka na mteremko kwa ngazi ngazi. Chumba kilichosimama kwenye kona, na cha pili kilichokuwa hakijaisha, vilionekana vidogo mno.

"Nani amekuruhusu?"

"Kujenga vyumba viwili? Wewe, Ndugu Afisa."

"Na hii?"

"Hivi si vyumba. Ni shimo lenye mawe. Shimo hukulikataza."

Afisa Elimu aliupa msingi mgongo. Aliingia darasani, nadhani alitaka kupata mahali pa kupumua. Mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha. Mtoto wa kike alikuwa amesimama akisoma, msichana mwembamba aliyesoma vizuri kuliko wote.

"Wewe," Afisa Elimu akamwuliza, "balozi wenu wa nyumba kumi ni nani?"

Msichana akanitazama mimi. Alikuwa mmoja wa watoto waliovuka na mama zao kutoka Burundi, wakati watu walipokuwa wakiuawa kule. Walikuwa wengi, waliingia kwa njia za Manyovu na Mabamba, wengine bila baba, wengine bila mtu kabisa. Agizo lilikuwa kwamba wasiandikishwe kwanza. Wangoje mpaka wapelekwe kwenye makazi yao. Mwalimu Mkuu alikuwa amewaingiza wote. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na ukimweka mtoto wa huku na wa kule kwenye mkeka mmoja, kufikia saa nne huwezi kuwatenganisha.

"Hawa walitakiwa kungoja," Afisa Elimu akasema.

"Wanangoja," Mwalimu Mkuu akajibu kutoka mlangoni. "Wanangoja wakiwa wamekaa darasani."

"Mwalimu, unanidharau mbele ya watoto."

"Ningekudharau, ningekuficha. Vyote nimeviacha wazi uvione. Nipe adhabu unayotaka, lakini shimo halifukiwi, na mtoto huyu hatoki."

Alisema hivyo kwa sauti ambayo watoto wa nyuma hawakuisikia. Msichana bado alikuwa amesimama, kitabu mkononi. Afisa Elimu alimtazama, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Endelea kusoma," akamwambia msichana. Kisha akatoka.

Watoto wale hawakutolewa. Hilo nalisema kwa haki yake. Lakini kabla muhula haujaisha, Mwalimu Mkuu alihamishwa. Alipelekwa upande wa Kibondo, Mabamba, pembezoni kabisa mwa nchi, na hakupelekwa kuwa mkuu. Alipelekwa kuwa mwalimu wa kawaida. Wanaume wa kijiji walitaka kulaza magogo barabarani lori lisipite. Akawakatalia. Alisema nguvu hizo wazitumie kumalizia chumba cha pili.

Aliondoka juu ya magunia ya maharage, viatu mkononi, mke wake mbele na dereva. Mimi niliachiwa shule. Nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, na sikujua nishukuru au nilie. Aliniita karibu na lori.

"Usimruhusu mtu apande maboga kwenye msingi," akasema.

"Maboga?"

"Akipanda maboga mwaka huu, mwakani atadai ni shamba lake."

Lori likaondoka. Nilikuwa nikingoja neno la baraka, nikaachiwa maboga.

Miaka ile msingi uliota nyasi. Mijusi iliota jua juu ya mawe, watoto waliruka kutoka jiwe hadi jiwe. Watu wengine walianza kuucheka, wakauita kaburi la Mwalimu. Maboga nilimkuta nayo jirani mmoja, nikayang'oa mwenyewe, tukanuniana mpaka leo. Kisha viongozi wa kijiji wakaamua kwamba mawe yale yanakaa bure, yachukuliwe yakajengee ofisi ya tawi la chama. Waliitisha wanawake kuja kuyahamisha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Mama Matofali alinitangulia.

"Mawe haya niliyabeba nikiwa na mimba," akasema. "Anayeyataka, na ayabebe akiwa na mimba."

Viongozi wote walikuwa wanaume. Kikao kikafungwa.

Ndipo ukaja mwaka ule ulipotolewa uamuzi kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule nchini, awe wa mjini au wa porini, aandikishwe. Asubuhi ya kwanza ya uandikishaji nilifungua mlango wa ofisi nikadhani kuna msiba, kwa jinsi watu walivyojaa. Walikuwa wamekuja na watoto wote, wenye umri na waliopita umri, wengine na ndevu zinaanza kuchungulia. Na mbele, wameshikwa mikono, walikuwa wale wa migongoni. Niliwatambua wengine. Nilimtambua mmoja ambaye Mwalimu Mkuu alimwuliza mama yake habari za meno.

Afisa Elimu alikuja baada ya siku chache. Alikuwa yule yule, ameanza kunenepa, macho mekundu kwa vumbi. Shule zote za wilaya zilikuwa zikimlilia.

"Utawaweka wapi?" akaniuliza.

Nilimpeleka nyuma. Tulikuwa tumefyeka nyasi, mawe yalikuwa meupe juani. Alisimama pale pale aliposimama zamani. Nilitaka kusema maneno mengi makali niliyoyatunza, lakini mtoto mmoja alipita akiruka juu ya mawe, nikayasahau.

"Yule mzee wenu alikuwa mtu mgumu," Afisa Elimu akasema.

"Ndiyo."

"Mabati nitaleta. Saruji sina."

Tukapandisha kuta kwa tope. Ukuta mmoja ulianguka kwa mvua, bahati nzuri siku ya Jumapili, tukausimamisha tena. Shule nyingine zilipokuwa bado zinagombania viwanja na wenye nyumba, sisi tulikuwa tunaezeka. Lakini sitaki kumfanya nabii. Alikosea na yeye. Vyumba vyote vilipokamilika, watoto walijaa, wakabaki wengine nje, na tukalazimika kusoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Hata yule aliyeambiwa kwamba anachimba refu mno alikuwa amechimba fupi. Na hakuna ofisi iliyomwita arudi, wala iliyomwandikia hata mstari mmoja wa ahsante.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Walimu wakuu tuliitwa semina Kibondo, na ilipokwisha nilipata lori la kwenda Mabamba ambalo lingerudi siku hiyo hiyo. Niliambiwa amekwisha kustaafu na hakuhama. Nyumbani nilimkuta mke wake, ananyonyoa kuku. Alinikumbatia na manyoya yote.

"Hayupo," akasema. "Yuko kwenye kiwanja tangu asubuhi. Ukifika mwambie uji umepoa, na mimi nimechoka kuupasha."

Kiwanja kilikuwa pembeni ya shule, nyasi tupu, na ng'ambo yake ni mabonde ya Burundi, ya bluu. Katikati ya nyasi zile palikuwa na kiti, na kwenye kiti palikuwa na mzee wa kaptura na soksi ndefu. Hatua chache kutoka kwake mafundi walikuwa wamekaa juu ya rundo la matofali, wakivuta sigara.

Nilimwamkia. Akaniitikia kana kwamba tuliachana jana. Nilianza kumweleza habari za shule yetu, zile kuta, wale watoto. Akainua mkono.

"Hayo yamekwisha, Bi Mwalimu. Ya leo ni haya." Akaonyesha rundo la matofali kwa kidevu. "Kijiji kinataka kuweka ghala hapa. Ghala la mahindi. Kwenye kiwanja cha shule."

"Wamekuruhusu kukaa?"

"Sikuuliza."

Mwenyekiti wa kijiji alifika akiwa anapanda mteremko kwa haraka. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na uso wake ulionyesha kwamba hii haikuwa mara yake ya kwanza kupanda siku ile.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba tena."

"Mzee, tunakuheshimu. Lakini shule ina nafasi. Madarasa yaliyopo hayajajaa."

"Mwaka huu."

"Na mahindi yanaoza, mzee! Tuyaweke wapi?"

"Mahindi hayachagui kiwanja. Wekeni ng'ambo ya barabara."

"Kikao kimekwisha kuamua hapa. Mafundi wanangoja."

"Nami nangoja," mzee akasema, na ilibidi mwenyekiti ainame ili amsikie. "Tuone nani kati yetu ana kazi nyingine ya kufanya leo."

Mwenyekiti akajifuta jasho. Ndipo aliponiona vizuri, na mkoba wangu wa semina.

"Na dada ni nani, samahani?"

"Ni mwalimu mkuu. Natoka upande wa Kasulu."

Uso wake ukanawiri. "Afadhali! Mtu wa serikali. Dada, hebu msaidie mzee wetu. Mweleze, wewe atakusikia. Ainuke, tumrudishe nyumbani kwa heshima, kazi iendelee."

Ghala lile lilikuja kujengwa ng'ambo ya barabara. Nimelisikia baadaye kutoka kwa watu. Lakini saa ile hakuna aliyelijua hilo. Barabarani lori langu lilianza kupiga honi, na nilijua kwamba likiondoka hakuna jingine mpaka siku ya soko. Mzee hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, mikono magotini, kama mtu aliyekaa kibarazani kwake.

Honi ikapigwa tena. Nikaweka mkoba wangu kwenye nyasi.

"Mwenyekiti," nikasema, "unaweza kunipatia kiti?"